Walivyonizuia Kumwosha Mama kwa Sababu ya Daftari

Hasira hii haijaisha, na wala sijaiomba iishe. Watu wananiambia, "Achana nayo, yameshapita." Yamepita kwao. Mie ndiye niliyezuiwa mlangoni, mchana kweupe, nisimwoshe mama yangu mzazi, eti kwa sababu ya daftari.

Nianze na hilo daftari, maana limesingiziwa vya kutosha. Nafanya kazi steshenari hapa Tabata: kutoa kopi, kuchapa barua, kutia vyeti vya watu plastiki. Kuna mteja alituachia flashi tumchapishie kitabu cha Kiingereza, kurasa mia mbili na ushee, na hakurudi kukichukua. Kikakaa chini ya meza miezi. Nikawa nakichungulia kazi ikipoa. Kilikuwa kinafundisha Kabala, elimu ya siri iliyoanzia kwa Wayahudi, wazungu wengine wakaichukua na kuifanya njia yao ya kumtafuta Mungu. Kuna mchoro humo wanauita Mti wa Uzima: maduara kumi yaliyounganishwa kwa njia ishirini na mbili, na kila duara ni sifa. Rehema upande mmoja, Ukali upande wa pili, Uzuri katikati. Asubuhi unatulia, unaiweka sifa moja moyoni, halafu kutwa nzima unajipima: leo nimekuwa na rehema, au nimekaripia watu tu? Basi. Hakuna kuchinja kuku, hakuna kuzika hirizi njia panda.

Na kilinisaidia, niseme ukweli. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Nilikuwa namlisha, namgeuza, namwogesha asubuhi na jioni. Siku moja alinitemea uji usoni nikatamani kupiga kelele nikimbie. Nikalishika duara la Rehema, nikalishikilia hivyo hivyo, nikajifuta, nikaanza upya na kijiko cha kwanza. Nilikuwaga naswali kabla ya kile kitabu na niliendelea kuswali baada yake. Hilo hakuna anayelitaja.

Somo lililoniponza ni la herufi. Katika Kabala kila herufi ya Kiebrania ina namba yake, na mwanafunzi anaambiwa aandike majina ya watu anaowapenda, ageuze herufi ziwe namba, ajumlishe. Nikachukua daftari, nikaandika jina la mama. Chini yake nikaandika la bibi, mama yake mama, kwa sababu naye nilimpenda. Ukurasa ukajaa namba.

Sasa mtu yeyote aliyekulia uswahilini kwetu akiona jina la mtu, chini yake jina la mama yake, na namba pembeni, hana haja ya kuuliza. Ndivyo wanavyofanya wataalamu wa falaki. Unampelekea jina lako na la mama yako, anahesabu herufi, anakutajia nyota yako. Na mwenye nia mbaya akishaijua nyota yako, wanasema, anaweza kuizima. Mie nimekulia humo humo, na haikunijia hata kidogo kwamba naandika kitu cha kutisha. Huo ndio ujinga wangu, naukubali, na ni huo tu.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuja kutoka Kibamba kumjulia hali dada yake. Akitafuta shuka safi kabatini, akalikuta daftari. Hakuniuliza kitu. Alilisoma akalirudisha palepale. Wiki tatu baadaye mama akafariki, Ijumaa asubuhi, mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chake.

Kwetu binti ndiye wa kwanza kumwosha mama yake. Nilichota maji mwenyewe, nikakunja mikono ya dera, nikafika mlango wa chumba. Mama mdogo akaweka mkono kwenye fremu.

"Wewe huingii."

"Mama mdogo, nipishe, maji yanapoa."

"Huingii. Umemhesabia nyota dada yangu. Nimeona kwa macho yangu, jina lake na la mama yetu. Unaingia kummalizia nini?"

Khaa! Majirani walioniona namwanika mama juani kila asubuhi wakaangalia mikeka waliyokalia uani. Nikasema lile lilikuwa somo tu, elimu ya kumjua Mungu. "Elimu gani ya kuhesabu majina ya wagonjwa?" akaniuliza.

Na mwanamke huyu, jamani, huyu huyu, siku tulipoambiwa ni kiharusi ndiye aliyebeba jina la mama na la bibi mpaka kwa mtaalamu wake. Akahesabiwa. Akarudi na kombe, ile sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani, nikaiosha nikamnywesha mama kwa mkono wangu mwenyewe, sikutia neno. Kuhesabu kwake kulikuwa tiba, kwangu kukawa uchawi! Nilikuwa na jibu hilo mdomoni kabisa. Nikalimeza, kwa sababu mama alikuwa amelala hapo ndani anasubiri maji, na maisha yake yote alichukia ugomvi.

Mwoshaji akauliza kutoka ndani, "Binti yuko wapi?" Mama mdogo akajibu, "Hajiwezi." Nikakaa kwenye kigoda jikoni, mzima wa afya, nikisikiliza maji yakimwagwa. Walimzika baada ya swala ya Ijumaa.

Arobaini ilipopita, mama mdogo akaja steshenari peke yake. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye benchi la wateja, akangoja mpaka duka likabaki sisi wawili. "Lile daftari bado unalo?"

"Ninalo."

"Niangalizie basi. Sina raha tangu tuzike. Nataka kujua kama dada ameniridhia."

Alikuwa analia kweli, khanga iko mdomoni. Niliitafuta Rehema, Mungu ananiona, niliitafuta. Siku hiyo haikuwepo.

"Daftari langu haliangalii watu, mama mdogo," nikamwambia. "Na hata lingekuwa linaangalia, usingeniuliza mie. Wewe ndiye uliyekuwa naye ndani. Mie nilikuwa nje."

Akanyanyuka, akajifunga khanga yake vizuri, akatoka. Sikumsindikiza.