Samli ya Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Kolandoto kumjulia hali mgonjwa. Wakati wa kurudi nikaona kwenye ua wa watu mbwa na paka wamelala mgongo kwa mgongo. Nikaganda pale mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza namtafuta nani. Ningemjibu nini, rafiki yangu? Nikasema nimepotea njia.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana wa darasa la tatu, nililelewa na babu na bibi kwenye mji wao uliozungushiwa ua wa minyaa. Babu alikuwa na mbwa mwekundu wa kuwindia sungura. Kitu kikikimbia mbele yake, kimekwisha. Ndipo bibi akaleta paka, maana panya walikuwa wanatumalizia mtama kwenye kihenge. Mimi nilijua hatafika jioni.

Bibi akatoa kibuyu cha samli, akampaka paka, akampaka na mbwa, kwa mkono uleule. Ndivyo alivyompokea kila mnyama mgeni, na kila Jumamosi alirudia. “Harufu moja, nyumba moja,” alikuwa akisema. Babu alicheka, lakini amini usiamini, wale wawili walizoeana. Jioni tukibambua karanga, michembe ya viazi ikichemka, wao wamelala karibu na mafiga, kichwa cha paka juu ya tumbo la mbwa.

Jumapili moja shangazi alikuwa anakuja kutoka mjini. Samli ikikaa kwenye manyoya inachacha, na mimi nilitaka shangazi ampakate paka wetu bila kuziba pua. Nikamwogesha kwa sabuni ya mche. Akanikwaruza, akachomoka, akakatisha ua mbio. Loo! Saa hiyohiyo babu anaingia na mbwa kutoka kuwinda. Hata kuita sikuwahi. Mbwa alimkamata shingoni, akamtikisa mara moja tu. Kisha akambeba hadi kwa bibi, akamlaza miguuni pake huku akitingisha mkia, vilevile alivyozoea kuleta sungura.

Babu alisema kinachokimbia hukimbizwa, ndiyo asili ya mbwa. Bibi hakumsikiliza. Alimshika paka, akaona amelowa, akaniuliza kulikoni. Nikasema ametumbukia kwenye karai la maji.

“Basi mbwa huyu aondoke,” alisema. “Kama samli haikumzuia, hakuna kitakachomzuia.”

Jioni ile mbwa alizunguka mji mzima akinusa. Alinusa chini ya kihenge, akanusa kwenye mafiga, akaja kunusa mikono yangu yenye mikwaruzo mibichi, akalia kidogo. Alikuwa anamtafuta paka. Jamani, anamtafuta nani, na yeye ndiye aliyemuua? Nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijaelewa. Ilikuwa sabuni? Ilikuwa zile mbio? Au damu ya sungura aliyotoka nayo porini? Asubuhi mjomba alimfunga kamba ya katani, akamvuta nyuma ya baiskeli kuelekea Ushirombo. Mbwa aliniangalia, nami nikaangalia chini.

Mji ule haupo tena. Minyaa imeng'olewa, kihenge kimeliwa na mchwa, babu na bibi wamelala makaburini. Baada ya mbwa yule kuondoka tuliletewa paka mwingine, na ndama, na mbuzi, lakini bibi hakumpaka samli hata mmoja. Nilipomuuliza kwa nini, alinionyesha kiganja chake.

“Mkono huu umeisha baraka, mjukuu wangu.”

Alikufa akiamini hivyo. Sabuni sikuwahi kumtajia.