Betri za Mama Nyundo

Dunia ina mambo. Mume alikuwa fundi wa kompyuta, kazi yake kuzifufua. Mkewe kazi yake kuzivunja. Zile zilizomshinda fundi zilihamia uani kwao, na huko mkewe, mwalimu mstaafu wa chekechea ambaye hakuwahi kumpandishia mtoto sauti, alivaa miwani ya plastiki, akaiegesha simu juu ya stuli, akasema, "Haya wapenzi wangu, tuanze," kisha akaishushia laptopu nyundo mpaka vitufe vikaruka kama mahindi kikaangoni. Watu mtandaoni walimpenda kufa. Wakambatiza Mama Nyundo. Kwa nini mtu mzima akae kutazama kitu kikipondwa, usiniulize mimi.

Fundi alikuwa na sharti moja tu: laptopu isifike mezani kabla hajaitoa betri. Betri ikipondwa huwaka ghafla, tena usoni kwa mpondaji. Yeye mwenyewe moja ilishamlamba nyusi, na hiyo aliichokonoa kidogo tu. Basi kila siku ya matangazo kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuitoa betri, kuitumbukiza kwenye mfuko wa aproni na kuondoka nayo.

Siku hiyo alikuwa dukani, printa ya mteja iko wazi mbele yake, simu pembeni ikimwonyesha mkewe moja kwa moja. Alitia mkono mfukoni kutafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwemo. Betri haikuwemo.

Alipekua mfuko wa pili, akainua makaratasi, akachungulia chini ya meza. Alijaribu kuikumbuka asubuhi: chai aliikumbuka, aproni aliikumbuka, lakini laptopu hata chembe. Kwenye simu mkewe alikuwa akiwasalimia watazamaji, hana habari, nyundo begani.

Akapiga simu. Haikupokelewa, kwani simu yenyewe ndiyo iliyokuwa inarekodi, na mama huyo huizima mlio asikatizwe. Akaandika kwenye maoni: ACHA USIPIGE. Maneno yake yakapanda juu na kupotea katikati ya ponda, ponda, ponda. Mmoja akamjibu kwa kicheko.

"Fundi, vipi printa yangu?" mteja aliuliza.

Fundi alishatoka mbio, aproni ikimpiga magotini, hakuaga wala kuagwa. Aligongana na muuza vocha, akatukanwa, hakugeuka. Alikuwa anaogopa kuangalia simu na anaogopa kutoiangalia. Kila alipokata kona alitega sikio, akitarajia ukelele.

Alilisukuma geti. Laptopu ilikuwa mezani, imesagika. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mzima, anajifuta vumbi.

"Betri!" fundi alihema. "Mama watoto, betri sikuitoa!"

Mkewe aliigeukia simu. "Wapenzi wangu, tuishie hapa leo." Akaizima na kuiondoa stulini. Kisha akainama, akavuta ndoo ya mchanga kutoka chini ya meza.

"Niliitoa mimi," alisema.

Fundi akachungulia. Akataka kucheka kwa furaha, machozi yakimlengalenga. Ndipo alipoona kwamba betri haikuwa peke yake. Zilikuwa nyingi, zimefukiwa nusu, kila moja imefungwa utepe kwa mkono wa mtu asiye fundi. Alizitambua moja moja, kila betri na laptopu ilikotoka.

"Zote hizi nilizisahau?"

"Zote."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, baba watoto, ungeogopa hata kushika bisibisi. Nilijifunza kufungua kwa kukutazama wewe." Alimshika kiwiko, akamkalisha kwenye stuli. "Pumzika kwanza. Duka umemwachia nani?"

Fundi alijua kuna mtu alikuwa akizungumza naye dukani, na mbele yake palikuwa na kitu kilichofunguliwa. Kitu gani? Alitazama bisibisi mkononi, akaigeuza, akaitazama tena. Woga uliomkimbiza njia nzima ulikuwa umeisha, na huu wa sasa hakujua aukimbie kwenda wapi.

Mkewe alikuwa ameshavaa viatu vya kwendea dukani.