Mikuki kwenye Mtungi wa Monicah

Monicah amefinyanga mitungi hapa Rodi Kopany tangu aolewe, na hakuna aliyewahi kumwomba achore watu. Mtungi ni wa maji. Unaupamba shingo kwa alama za kamba ya katani, basi. Ndipo bintiye Lynnet, mwalimu wa historia, akaja na picha kwenye simu: mtungi wa Wagiriki wa kale, na juu yake wanaume waliochorwa kwa rangi nyeusi, wenye ngao za duara, mikuki na manyoya vichwani.

"Nichoree hawa, mama. Wanafunzi wangu waone kwamba hata hao wanaosifiwa dunia nzima walishika udongo kama wewe."

Monicah akaitazama picha. "Nani amekufa?"

"Wote, mama. Zamani sana."

"Sikuulizi hivyo. Hii ni buru."

Wanaume wa namna hiyo alikuwa amewaona matangani pekee, siku ya buru, wakiswaga ng'ombe kwenda kukifukuza kifo kilichomchukua mwenzao. Na hapo uani alikuwa ameketi Zablon, mumewe, upande wa kulia umelala tangu apigwe na kiharusi. Kuwachora ni kuwaita; utawaitaje waombolezaji wa mtu ambaye bado anadai chai?

"Mama, hao wanakwenda vitani!" Lynnet akacheka.

Vitani, matangani; Monicah hakujua ashike lipi. Kumnyima mwanawe hakuweza. Akawachora kwa udongo mwekundu, ngao na manyoya, ila mikuki akaiacha.

Zablon akauona mtungi ukikauka. "Nyar Ndhiwa," akamwita mkewe kwa jina la kwao, ulimi mzito. "Hawa wanakwenda wapi mikono mitupu? Kuomba chumvi?"

"Niliogopa buru," Monicah akasema, macho chini.

Mzee akauinamia mtungi. "Si buru ni kukifukuza kifo? Sasa mbona tunangoja kimalize kazi ndipo tukifukuze? Lete huo udongo."

Kwa mkono wa kushoto usiozoea, akachora mikuki iliyopinda kama mizizi.

Siku ya kuchoma, Monicah alisimama mbele ya kuni na nyasi kavu, mtungi mikononi. Ameyaita matanga, au ameyazuia? Akaulaza huku wapiganaji wakiipa nyumba mgongo, mikuki ikielekea barabarani. Akawasha moto. Bado hakujua.

"Na chai?" Zablon akauliza.