Saruji Yangu kwenye Ukuta wa Gogo

Nyumba zile zipo katikati ya jiji, nyuma ya maduka ya simu: vyumba sita vya matofali mekundu, vimepangwa mstari mmoja chini ya baraza ndefu. Vilijengwa zamani kwa sadaka, ili wazee wasio na kitu wapate pa kukaa bure, na hadi leo wazee wanakaa humo. Mama mmoja mbunifu wa majengo, mwenye maswali yasiyokwisha, ndiye aliyepewa kazi ya kuzihifadhi. Alinipigia simu akasema ukuta wa chumba cha mwisho umelowa. Kama mvua za kwanza zingeukuta bado unatoa maji, ungebomolewa, na bibi anayekaa humo angehamishiwa nje ya jiji. Tulimwita Gogo, kama watu wa hapa wanavyowaita bibi zao kwa Kizulu. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini katika chumba kile, na marafiki wote aliobaki nao walikuwa kwenye baraza ile.

Nilikwenda na mwenzangu, fundi wa Uvira, anayeniita Vieux, yaani mzee. Aliutazama ukuta, akacheka.

"Vieux, hii iko mukono yako."

Kweli ilikuwa kazi yangu. Napiga plasta kwa mkono wa kushoto, na alama za sponji zangu zinapinda kinyume na za watu. Miaka kadhaa nyuma bosi mmoja alinituma pale kuufunika ukuta kwa saruji, ndani na nje, nami niliufunika nikajisifu mpaka watu wakanichoka. Kule Bukavu nilikolelewa, saruji ilikuwa ndiyo maendeleo. Chokaa ilikuwa ya mtu aliyekosa saruji. Nilimwambia mwenzangu afunge mdomo. Nikiwa na aibu huwa mkali.

Mbunifu alitueleza kwamba matofali ya zamani ni laini, hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa nje kupitia chokaa. Ukipaka saruji umeyaziba pumzi. Nilitikisa kichwa kama mtu asiyehusika. Kumbe ukuta unapumua! Miaka yote hii nashika mwiko, hakuna aliyewahi kuniambia.

Tukaanza kubandua saruji, na hapo nikapagawa. Chini yake, kwenye kona, kulibaki kipande cha plasta ya kwanza, chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mnyama, na juu yake alama za vidole vya fundi aliyeikandamiza. Niliweka vidole vyangu juu ya vyake. Niliwaita wazee wote waje waone, nao wakaja na viti vyao. Gogo alitazama kile kipande, kisha akanitazama mimi.

Chokaa mbichi tuliipata kwenye ghala moja la Clairwood, mtaa wa viwanda. Tuliitia kwenye mapipa ya maji, ikachemka yenyewe bila moto, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikacheza pale uani. Kisha mbunifu akatuambia tuiache wiki nyingi iive, na ukuta ubaki uchi ukauke. Mimi na kungoja hatujawahi kupatana. Nilikuwa napita kila siku kufunua mapipa, mpaka mwenzangu akaniuliza kama napika maharage.

Tulipoanza kupaka, tulipaka tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, na kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu upepo wa huku ukiikausha chokaa haraka inapasuka. Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja kwenda kuyalowesha, na shati langu jeupe likaharibika. Mke wangu alisema mengi. Sikujali hata kidogo, nilikuwa na furaha mno.

Mvua ikaja Oktoba, siku tatu mfululizo. Ilipokatika, nilikwenda pale, nikaruka kutoka kwenye taxi kabla haijasimama vizuri. Mbunifu alikuwa amefika, anaupima ukuta kwa kifaa chake, juu, katikati, chini. Alipima mara ya pili, kisha akasema ukuta ni mkavu na hautabomolewa. Nilipiga kelele, wazee wa baraza nzima wakatoka.

Lakini furaha ile haikunikaa vizuri. Mficha uchi hazai. Niliingia kwa Gogo, nikamwambia kwamba saruji iliyomlowesha ilikuwa yangu.

"Najua," akasema, kwa Kizulu cha polepole ili nimfuate. "Siku ile ulinivuta nje nije kuitazama, ulivyokuwa unajisikia. Ndiyo maana nilimpa mama mbunifu namba uliyoniachia. Mtu anayependa kazi yake namna ile hawezi kuiacha ikiwa mbaya."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kitanda chake kilikuwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote. Aliniomba nishike upande mmoja. Tukakisukuma pamoja mpaka kikagusa ukuta, naye akajilaza palepale, mgongo wake kwenye chokaa.