Shukrani kwa Mama Asiye Wake

Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja hapa Mwanza, na kila mwaka wanafunzi wanaomaliza huniletea ripoti zao za utafiti. Nyingi hufanana mpaka zinachosha. Kwa hiyo nilipoona moja inayohusu maneno wanayotumia wanawake wanaoanika dagaa kule Ilemela, nilifurahi. Angalau huyu ametoka nje, nikasema, akawasikiliza watu.

Nikafungua ukurasa wa shukrani. "Namshukuru mama yangu, aliyeinamia dagaa juani ili mimi nikae kivulini nikisoma."

Sentensi ile niliiandika mimi. Mama alikuwa ameshafariki, na niliihangaikia sana kabla haijakaa sawa. Nikapekua kurasa zilizofuata kwa haraka. Ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili, neno kwa neno, pamoja na makosa ya chapa yaliyonipita. Kilichobadilishwa ni jina tu. Na programu ya chuo ya kukagua kazi zilizonakiliwa ilikuwa imeipitisha bila neno!

Nikamwita mwenye ripoti. Alikuwa msichana mpole, mtoto wa Kagera, hana historia ya fujo.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Mama yako anafanya kazi gani?"

"Ni nesi, madam. Yuko Bukoba."

"Amewahi kuanika dagaa?"

Akacheka. "Mama? Hata harufu ya dagaa haivumilii."

Nikamsogezea ukurasa wa shukrani. Alisoma, kicheko kikakatika.

"Niliipata mtandaoni," akasema. "Kuna blogu unapakua bure. Haikuwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

Akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, madam. Ningejua ni yako nisingeileta kwako."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Angempelekea mwalimu mwingine, basi, na asingejuta chochote.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Alinisikiliza huku akijibu ujumbe kwenye simu.

"Dada, binti yuko ukingoni mwa kumaliza. Mwambie abadilishe maneno kidogo, airudishe."

"Maneno ya kumshukuru mama yangu ayabadilishe yawe ya nani?"

"Wote wanafanya hivyo siku hizi. Ukimshika huyu itabidi uwashike wote."

"Basi tuwashike."

Akaguna, akarudi kwenye simu yake. Wenye blogu niliwaandikia waiondoe kazi yangu. Mpaka leo hawajajibu.

Nilichoweza ni kukataa kusaini. Nikamwambia binti aende ziwani mwenyewe. Akalia, kisha akaenda. Wenzake wakavaa majoho, wakapiga picha, yeye yuko kwenye mchanga wa Ilemela anauliza maswali.

Aliporudi alikuwa na ripoti fupi, yenye sentensi zilizopinda hapa na pale. Wale wanawake walikataa kuzungumza naye mpaka ainame, awasaidie kugeuza dagaa. Alipokuwa akigeuza, wakaanza kumtania, na katika utani huo akaokota maneno ambayo hata mimi, niliyelelewa palepale, sikuwa nayo.

"Haya sikuyajua," nikamwambia. "Hii ni kazi yako. Mtu akiichukua kesho bila kukutaja, utakuwa na haki ya kulalamika."

Nilidhani atafurahi. Aliitazama alama niliyompa, ya kawaida tu.

"Lakini ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, madam."

"Ilikuwa yangu!"

"Ndiyo, madam. Ila ingenipa alama kubwa, na mahafali yasingenipita."

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa anaeleza jambo analoliona wazi, na alishangaa kwamba mimi silioni. Nikaanza tena habari ya hakimiliki, ya jasho la mtu, ya kutaja ulikochota. Akawa anaitikia ndiyo madam, ndiyo madam, jicho likitoroka kwenda mlangoni.

Nikasaini. Akashukuru kwa adabu, akatoka, nami nikabaki nimekaa pale, nisijue kama nimemfundisha kitu au nimemchelewesha tu.