Kionga kwa K

Gesi ilipogunduliwa, wilaya nzima ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilitaka picha za kuombea kazi. Dada yangu Zuleica, fundi wa kompyuta aliyejifunzia Mtwara, alizihifadhi kwenye kompyuta yake ya Linux; printa ilikuwa kwenye yangu ya Windows. Waya tuliunga, lakini kompyuta hazikuonana. Nilizitukana mpaka koo likanikauka.

Zuleica akaangalia jina la kundi la mtandao kwenye kila moja, ambalo lazima lifanane ili zionane, akaangua kicheko. Mimi niliandika kijiji chetu kwa Kireno cha shuleni, Quionga. Yeye kama mama anavyotamka, Kionga.

Akafuta Q na U zangu, akaweka K. Mara nyuso za majirani zikajaa kiooni kwangu.

"Fauzi, mbona hutukani?"

"Subhanallah," nilinong'ona. "Mama kaita, kijiji kizima kimeitika."