Vitufe Vinne vya Opereta

Kila mtu alimwita Opereta, hata mdogo wake wa tumbo moja. Zamani alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Ugonjwa ukamwibia macho kidogo kidogo, kwanza pembeni, kisha katikati, naye akaendelea na kazi kwa kupapasa, wala bosi wake hakushtuka. Kilichomtoa kazini si upofu. Hospitali ilileta mitambo inayojipokelea simu yenyewe, wakamuaga kwa soda na hotuba fupi.

Akahamia kwa huyo mdogo wake, dada mjane anayeshona sare kiwandani. Dada alitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni mgongo ukimwuma. Katikati ya saa hizo Opereta alibaki na kompyuta mpakato kuukuu.

Ilikuwa ya binti wa dada yake, ya enzi za chuo. Betri ilishakufa, kioo hakionyeshi kitu, na hilo la kioo kwake halikuwa na uzito. Alichojali kilikuwa kwenye ukingo wa mbele: vitufe vinne vilivyoinuka na gurudumu dogo la sauti. Cheza, zima, nyuma, mbele. Ukiichomeka kwenye umeme na kusogeza swichi ya ubavuni, ilicheza CD bila kompyuta yenyewe kuwashwa. Chama cha wasioona kilimpa vitabu vilivyosomwa kwenye CD, naye akabandika vipande vya plasta kwenye makasha yake ili avitambue kwa kidole. Akibonyeza cha mbele, anaruka sura. Akikishikilia, msomaji anaanza kuropoka mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na Opereta anacheka peke yake chumbani.

Kisha CD zikaanza kukwama. Alifungua trei, akaifuta lenzi kwa pamba, ikacheza wiki moja, ikakwama tena. Dada akamdokezea bintiye kwa simu. Binti huyo, karani wa kampuni ya bima, ni mtu wa vitendo. Mama na mjomba walipokwenda kliniki ya macho, alipita nyumbani, akaibeba kompyuta pamoja na CD zake akaenda zake kwa fundi.

Jumapili akaja na nyingine, ya kioo kitupu isiyo na kibodi.

"Shikamoo, mjomba. Lile dude nimekuondolea. Hii ni nyembamba kama sahani, na vitabu vyako vyote vimo humu."

Opereta akapitisha viganja juu, chini, ubavuni. Laini kila mahali.

"Pa kubonyeza ni wapi, mwanangu?"

"Hakuna kubonyeza. Unasema tu, yenyewe inatii."

Akataja jina la kitabu. Sauti ya kike yenye lafudhi ya ajabu ikajibu kwamba haijamwelewa. Akarudia taratibu, kwa ile sauti yake ya hospitali iliyosikika vizuri hata kwenye laini mbovu. Ikamsomea hali ya hewa.

"Miaka yote nimewaunganisha madaktari na wake zao bila kukosea," akasema, "leo nashindwa kuunganishwa na kitabu."

Wote wakacheka. Binti akamwambia itamzoea.

Haikumzoea. Ikawa dada anamfungulia kitabu kabla ya kwenda kazini. Siku moja kikanyamaza baada ya kurasa chache na kimya kikadumu mpaka jioni. Siku nyingine jirani alibisha hodi, Opereta akaenda kufungua, na aliporudi msomaji alikuwa amefika mbali, watu wa kwenye hadithi wameshazikana, yeye hajui nani kamuua nani.

Mwishowe akamwomba mpwa wake ampeleke kwa fundi, aidai ile yake ya vitufe. Fundi alikuwa mpole, akamshika mkono na kumwelekeza kwenye sanduku la vyuma chakavu.

"Ilikuwa ya spea, mzee. Trei imeshachukuliwa. Na siku hizi hawazitengenezi tena zenye vitufe hivyo."

Opereta akaupapasa ukingo ule, akauona umebaki matundu matupu. Wakatoka. Barabarani binti akaanza kulia.

"Nilitaka kukusaidia, mjomba."

"Najua."

"Sasa ulitaka nifanyeje?"

"Uniulize. Basi. Mimi ni kipofu, sijafa."

Hakuinua sauti, na hilo lilimwumiza binti zaidi. Alimfikisha mpaka mlangoni, akasema ana haraka. Tangu hapo hupiga simu, anaongea na mama yake, anauliza "mjomba hajambo?" na kukata kabla Opereta hajapewa simu.

Dada hakupenda kumwona kaka yake amekaa bure ukingoni mwa kitanda. Akaazima riwaya kazini, akaanza kumsomea kila baada ya chakula cha jioni. Si msomaji. Huruka mistari, hukosea majina, na mchana kutwa ameinamia cherehani. Ukurasa wa pili sauti inaanza kujikokota, wa tatu inakatika.

"Niko macho," husema akishtuka. "Tulifika wapi?"

"Tulifika pazuri. Tutaendelea kesho."

Kitabu humteleza dada mapajani. Opereta husubiri mpaka pumzi zake zitulie, huufuata ukuta kwa mkono hadi kwenye swichi, akamzimia taa.